Mzee Pasi na Baiskeli Yangu ya Kwanza

Muulize mtu yeyote wa Mbinga mjini habari zangu, atakwambia neno moja: yule alianza na baiskeli. Ni kweli. Darasa la saba sikumaliza, Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu, lakini leo nina malori mawili, duka la vifaa vya ujenzi, na nyumba ya wageni kule Mbamba Bay ambayo hata mabwana wa ofisini waliohamishwa kutoka mikoa mingine hulala wakaamka wakisifu mashuka. Hakuna aliyenishika mkono. Baiskeli yenyewe niliitundika dukani ukutani, juu ya mabati, nikaifunga kwa waya. Vijana waliipiga picha. Nimeisimulia habari yake mara nyingi mpaka wauzaji wangu wameikariri, na nikisafiri wao ndio huwasimulia wateja.

Leo nataka kuisimulia vile ambavyo hawakuijua. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokaa juu ya magunia ya kahawa mkitazama tivii moja watu wa vijiji vitatu. Hawa wa siku hizi wenye sinema mfukoni hawatanielewa.

Ilianza Jumapili moja ya mvua, si zamani. Binti yangu alikuwa likizo kutoka chuoni, na kijana wangu wa dukani, Filibert, alikuja nyumbani kutazama tamthilia ya majambazi kwenye ile tivii yangu kubwa. Mimi tamthilia hizi nazipenda, sikatai. Nimezitazama za zamani na za sasa. Mkubwa wa kundi akitokea na koti lake, Filibert hukaa wima kama yuko mbele ya askofu.

"Baba," binti yangu akaniuliza, "huyu mkubwa wao wewe unamwonaje?"

"Mwoga."

Filibert akaruka. "Mwoga? Bosi, huyu ameua watu kumi na mmoja tangu tukae hapa!"

"Kwa mkono wake mwenyewe wangapi?"

Akahesabu vidole, akakwama. "Mmoja."

"Haya. Na huyo mmoja alikuwa amefungwa kamba."

Binti yangu akacheka sana. Lakini mimi sikuwa natania. Wanaotengeneza tamthilia hizi ni mafundi, lazima niseme. Wanakuonyesha mtu mbaya akimpelekea mama yake dawa, wanakuonyesha akimfunga mtoto wake kamba za viatu, na kabla hujajua umefanywa nini, polisi wakigonga mlango ni wewe unayetetemeka kwa niaba yake. Mimi hunishika vilevile. Ila nina ugonjwa wangu mmoja: kila tamthilia ina mtu mdogo anayesingiziwa mwanzoni. Mpishi, mlinzi, mfagizi. Anafukuzwa, anaondoka na kifurushi chake, mlango unafungwa nyuma yake. Na kamera haimfuati. Inabaki ndani na mkubwa. Mimi hukaa mpaka mwisho nikimngoja yule mpishi arudi, na harudi.

Nilikuwa karibu kuwaambia hivyo, umeme ukakatika. Filibert akakimbia kuwasha jenereta. Harufu ikaingia dirishani, petroli na moshi, na chini yake harufu ya magunia makavu ya katani niliyokuwa nimeyarundika barazani. Harufu mbili hizo kwa pamoja sikuwa nimezinusa kwa miaka. Mtu mzima, mwenye malori mawili, nikatoka sebuleni nikaenda kusimama jikoni kama mtoto aliyevunja chungu.

Kwetu ni Matiri, juu, kwenye kahawa. Babu yetu alikuwa na nyumba tano za wanawe kumzunguka, na kama ilivyo kwa Wamatengo, tulikula sengu: kila nyumba ilileta chakula chake kwa babu, wanaume na watoto wa kiume tukala pamoja, na mambo ya ukoo yakaamuliwa hapohapo juu ya ugali. Msimfikirie babu kuwa mzee wa hekima za hadithini. Alikuwa na sikio moja bovu, hasira za karibu, na kipande kikubwa cha nyama kilikuwa chake hata kama kiko upande wa mwingine. Lakini sengu ilikuwa yake, na ilikuwa na sheria. Ukiulizwa jambo zito unashika tonge mkononi, unasema, kisha unalimeza mbele ya wote. Mwenye uongo, tuliambiwa, tonge humkaba. Na sheria ya pili: asiyekula hapa hana neno hapa.

Nyumba zote tano zilitumia mashine moja ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Wenye kahawa mnajua: ukichuma kahawa nyekundu leo, uimenye leo. Ikilala inachacha, na kahawa iliyochacha hata ukiianika mwezi mzima inabaki na harufu, na bei yake ni ya kuomba. Kwa hiyo mashine ile wakati wa mavuno ilikuwa kama moyo wa ukoo.

Aliyeitunza hakuwa wa ukoo. Aliitwa Aidani, kijana Mnyasa kutoka kule ziwani, aliyepanda kuja kwetu kufanya kibarua. Kila jioni aliiosha mashine, akaifuta, akaipaka mafuta. Mshahara wake walikubaliana na babu kuwa baiskeli. Babu alikuwa na baiskeli ya zamani, nyeusi, yenye keria pana ya chuma. Aidani akimaliza misimu miwili ya mavuno, baiskeli ni yake. Alitaka kupandisha usipa kutoka ziwani aje auze huku juu ambako samaki ni wa kuota ndotoni. Msimu wa kwanza alikuwa amemaliza. Wa pili ulibaki wiki chache. Kila Jumamosi aliitoa baiskeli, akaigeuza miguu juu, akapaka mnyororo mafuta tone kwa tone.

"Kaka Aidani, bado si yako hiyo," nilikuwa namtania.

"Mdogo wangu, mke unaanza kumtunza kabla ya harusi," alinijibu. "Ukingoja mpaka awe wako, utamkuta ana kutu."

Nilimpenda Aidani. Lakini niliyemwabudu alikuwa baba mdogo Osmund.

Baba mdogo Osmund alikuwa kitinda mimba wa babu. Alikuwa amekaa Songea akifanya utingo wa lori, akarudi na tivii, deki, na sanduku la kanda. Katika ghala la kahawa akafungua kibanda umiza cha kwanza Matiri, watu walipe watazame sinema. Madirisha aliyaziba kwa magunia, mchana ukawa giza. Ungeingia saa nane jua linawaka na ndani usione mkono wako. Jenereta alikuwa ameazima kwa mwalimu mmoja. Na kwa kuwa hakuna aliyejua Kiingereza, alisimama kando ya tivii na fimbo, akatafsiri.

Tamthilia tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya jambazi mmoja mzee, mpole wa sura, ambaye kabla ya kila uovu alipiga pasi shati lake mwenyewe. Taratibu, kola kwanza, kisha mikono. Jina lake hatukulijua. Sisi tulimwita Mzee Pasi. Akishika pasi tu, ghala zima lilinyamaza. Wavulana wa Matiri wote tukaanza kupiga pasi kaptula za shule kwa makaa, na mama yangu, ambaye miaka yote alinibembeleza nifue, alishangaa nini kimetuingia. Nilitaka kuwa Mzee Pasi. Hakuinua sauti. Hakuomba kitu kwa mtu. Watu walimnyenyekea. Sisi tuliolala watatu kitanda kimoja, mtu wa namna hiyo alituonyesha kwamba kumbe inawezekana.

Katikati ya tamthilia, kabla hatujajua Mzee Pasi atatokaje gerezani, mwalimu akahamishwa, akaondoka na jenereta lake. Ghala likafungwa. Nasema kweli, nilisali rozari. Mtoto wa miaka tisa, nilipiga magoti nikamwomba Bikira Maria amletee baba mdogo jenereta.

Jumapili iliyofuata nilikuwa na homa. Watu wote walikwenda misa, nikaachwa kuchunga kahawa kwenye vichanja, mbuzi wasiijie. Aidani alikuwa Mwanglikana, misa yetu hakwenda. Aliteremka kuelekea Kitura kumwona ndugu yake. Nilikuwa nimelala chini ya kichanja, penye kivuli, niliposikia gurudumu la toroli likilia. Baba mdogo Osmund na mtu nisiyemjua walikuwa wanasukuma kitu kizito kilichofunikwa gunia. Toroli likaingia shimoni, gunia likateleza, nikaona gurudumu la mashine yetu, lile la kuzungushia.

Baba mdogo akaniona. Hakushtuka. Akaja mpaka kwenye kichanja, akachuchumaa. "Aah, Afisa," akasema, ndivyo alivyoniita, "unaumwa?"

"Naumwa, baba mdogo."

"Pole. Naipeleka kwa fundi hii. Ni siri, nataka kumshangaza babu." Akaweka kidole mdomoni, polepole, kama Mzee Pasi mwenyewe. "Wanaume huwa wanasema ovyo?"

"Hapana."

Kichwa kilikuwa kinanigonga kwa homa, lakini moyo ulijaa. Nilikuwa nimechaguliwa.

Jumatatu nyumba tano zilileta kahawa nyekundu, na mashine haikuwepo. Mama zetu walijaribu kumenya kwa kutwanga, wengine kwa vidole, na kufikia Jumatano uwanja mzima ulinuka kahawa iliyochacha, harufu tamu ya kutia kichefuchefu. Nilingoja fundi airudishe. Kila gari lililopita nilikimbia barabarani. Alhamisi gari lilisimama kweli, likashusha jenereta.

"Rafiki yangu wa Songea amenikopesha," baba mdogo akawaambia watu, na watu wakashangilia hata katika msiba wao, maana Mzee Pasi alikuwa amebaki gerezani.

Sikuelewa kila kitu, lakini nilielewa vya kutosha kuogopa. Usiseme mtoto wa miaka tisa hawezi kujumlisha.

Jumamosi mchana ghala likafunguliwa. Kwa kuwa watu walikuwa wamesahau tulipoishia, baba mdogo akaanza na kanda ya mwisho tuliyoiona. Ilikuwa ile ile. Niliijua kwa mchirizi mweupe uliokuwa unapita juu ya kioo kila baada ya muda. Ikafika pale Mzee Pasi anapiga pasi, mtu mmoja amepiga magoti mbele yake. Mara ya kwanza baba mdogo alitafsiri hivi: "Anasema, shati hili likiungua, leo hakuna atakayekula." Tulicheka mpaka machozi. Safari hii Mzee Pasi aliinua macho kutoka kwenye pasi, akatazama mbele, kwetu, na sauti ya baba mdogo ikatoka gizani bila kichekesho:

"Anasema, kuna mtoto ameona. Mtoto mdogo tu. Akifungua mdomo, yeye hatuna shida naye. Atakayelala chini ya ziwa ni baba yake."

Watu wakasema "Duh!" Kanda ni ile ile, mchirizi ni ule ule, shati ni lile lile, ila maneno yamebadilika. Haikunijia hata mara moja kwamba maneno yalikuwa ya baba mdogo. Niliamini kuwa yule mzee wa ndani ya kioo ameniona. Kwamba kutoka huko aliko, Ulaya au Marekani, amepata habari za Matiri, za kichanja, za toroli, na amebadilisha maneno yake kwa ajili yangu.

Toka siku hiyo sikupita mbele ya ghala peke yangu. Nikiona shati limeanikwa, nageuza njia. Nilianza kukojoa kitandani, na bibi akasema ni minyoo, akanipa dawa chungu ambayo ladha yake ningeitambua leo. Baba yangu akichelewa kutoka shambani dakika chache tu, natoka kumtafuta. Alifurahi maskini. "Mtoto huyu siku hizi ananipenda," alimwambia mama. Nilikuwa nahesabu kama bado yuko hai.

Sengu ya mashine ilikaa Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa. Kuku wawili walichinjwa. Aidani hakuwa mlaji wa sengu, alisimama nje ya mlango, karibu na baiskeli. Kila mtu mzima alikuwa ameshamhukumu kwa macho: hakuwa misani, mashine ilikuwa mikononi mwake, na kwao ni mbali. Babu akaanza kuzungusha swali. Mmoja mmoja wakashika tonge, wakasema "Sikuona, sijui," wakameza. Baba mdogo Osmund alishika tonge kubwa, akasema vilevile, akameza, akaongeza na kipande cha nyama. Hakukabwa. Nilimtazama koo lake likishuka, nikasikia dunia inahama mahali pake.

"Na wewe," babu akanigeuzia sikio lake zima. "Ulikuwa hapa na homa yako. Uliona nini?"

Tonge lilikuwa la moto. Mlangoni Aidani alikuwa ananitazama, na hakuwa na hofu hata kidogo. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye shahidi wake ameitwa. Kulia kwangu alikaa baba yangu, anatafuna, anapumua.

"Sikuona kitu, babu. Nililala."

Halafu sikuweza kulimeza. Nilijua litanikaba. Wakati babu anageukia bakuli la mchuzi, nikalitia tonge mfukoni, kwenye kaptula niliyoipiga pasi mwenyewe.

Aidani aliita kutoka mlangoni, "Babu, naomba niseme."

"Asiyekula hapa hana neno hapa," babu akajibu bila kugeuka.

Wakamwambia aende. Walisema hawatampeleka polisi, kwa huruma. Baiskeli itabaki kufidia mashine. Aliingia kwenye kibanda chake, akatoka na kifurushi. Alipita karibu yangu. Alisimama kwa baiskeli, akaifuta kiti kwa kiganja, kama mtu anavyomfuta mtoto vumbi, akashuka njia ya Kitura.

Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne tulikuwa tunachuma kahawa, mimi na baba, mti mmoja, yeye upande huu mimi upande ule, hatuonani kwa majani. Nikamwambia yote. Toroli, gunia, kidole mdomoni, Mzee Pasi, chini ya ziwa. Nililia mpaka kamasi. Upande wa pili mikono yake ilisimama. Nilingoja aseme pole, au anipige. Akauliza swali moja.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Kahawa moja ikadondoka ndani ya kikapu chake, halafu nyingine. "Endelea kuchuma," akasema.

Niliwaona jioni ile, babu, baba na baba mdogo, wamekaa watatu nyuma ya nyumba. Baba mdogo alikuwa ameinama. Nikashukuru Mungu. Nilijua kesho mtu atatumwa ziwani kumwita Aidani. Kesho yake baba akaleta baiskeli mlangoni kwetu, akaiegemeza ukutani.

"Babu amekupa," akasema. "Una akili. Sasa, yaliyosemwa yameishia kwenye sengu."

Na mimi, kwa utoto wangu, nilielewa hivi: nimepewa nimtunzie Aidani mpaka arudi, kwa sababu nimesema kweli. Nilifurahi sana. Kila Jumamosi niliigeuza miguu juu nikapaka mnyororo mafuta tone kwa tone, kama yeye, ili akija asikute kutu. Mashine nyingine ilinunuliwa. Mzee Pasi alitoka gerezani. Familia yetu tuliingia kibandani bure. Jumamosi zikapita. Nikakua, miguu ikafika chini. Nikaanza kuteremka ziwani kununua usipa, nikaipandisha ile milima nikisukuma, mzigo kwenye ile keria pana, nikaanza kuitwa tajiri kabla sijaota ndevu. Wazo la usipa halikuwa langu, mnaona. Sikumbuki ni Jumamosi ipi niliyoacha kumngoja.

Basi siku ile umeme ulipokatika, binti yangu alinifuata jikoni. Nikamweleza habari za Mzee Pasi tu, si zaidi. Akaanza kutafuta kwenye simu yake, mzee anayepiga pasi, hivi na hivi, na kabla chai haijapoa akanigeuzia kioo. Alikuwa yeye. Mdogo kama kidole gumba, kola kwanza, kisha mikono. Akafika pale anapoinua macho. Nilishika ukingo wa meza.

"Anasema nini hapo?"

Binti yangu akasikiliza. "Hasemi cha maana, baba. Anamwomba yule jamaa amletee maji, pasi imekauka."

"Rudisha."

Akarudisha. Mara tatu. Maji tu.

Baba mdogo Osmund tulimzika miaka mingi iliyopita, kwa heshima zote, na mimi ndiye niliyetoa lori la kubeba watu. Hakuna wa kumuuliza. Na hata angekuwepo, angenijibu nini? Alitishia kwa mdomo wa mwingine, ndivyo wakubwa wanavyofanya. Lakini aliyekaa na baiskeli miaka yote hii si yeye.

Kutafuta mtu ziwani si kazi ngumu ukijua kanisa lake. Niliiteremsha baiskeli ukutani mwenyewe, asubuhi kabla wauzaji hawajafika, nikaipakia kwenye pikapu. Barabara siku hizi ni lami mpaka chini. Ile milima niliyoitolea jasho nilianza kuishuka nikisikiliza redio, halafu redio nikaizima. Niliwaza atanipiga. Niliwaza atanitangaza, na jina langu lote limesimama juu ya chuma hiki. Kwenye kona moja nilisimamisha gari nikageuza. Nikageuza tena.

Nilimkuta anageuza usipa juu ya kichanja, yeye na mkewe. Mvi kichwa kizima.

"Shikamoo, kaka Aidani."

"Marahaba. Karibu. Unataka gunia ngapi?" Alinidhania mnunuzi.

Nikafungua nyuma ya pikapu. Akaja akifuta mikono. Akatazama. Mkewe akauliza, "Baba Yohana, kuna nini?"

"Nilikuona siku ile," nikasema. Sauti ilinitoka ya kitoto. "Namaanisha, nilimwona aliyeichukua. Nilijua."

"Nilijua unajua," akasema. "Tonge uliliweka mfukoni." Akapitisha kiganja juu ya kiti. "Nilikaa darajani kule Kitura siku mbili. Nilisema, yule mtoto ana moyo, atakuja nyuma yangu kuniambia nirudi. Nikasema akija anikute karibu, asitembee mbali."

Hotuba niliyoipanga njia nzima ilikwisha. Yeye akaishusha baiskeli mwenyewe, akakataa nimsaidie, akaigeuza miguu juu mchangani. Akazungusha kanyagio kwa mkono. Ililia kama toroli.

"Mnyororo mkavu," akasema, na hapo ndipo aliponikasirikia, hapo tu. "Ulikuwa nayo miaka yote, hata mafuta? Mama Yohana, lete mafuta."

Niliondoka jioni. Mkewe alinifungia usipa kwenye gazeti, nilijaribu kukataa, akaniambia, "Chukua, mgeni haondoki mikono mitupu." Mgeni.

Juzi mchana nilikuwa dukani nyuma ya kaunta, nakula ugali na usipa ule. Ukutani, juu ya mabati, zimebaki waya mbili na alama za magurudumu, rangi ya ukuta pale ni mpya kuliko kwingine. Wateja walikuwa wanne, miongoni mwao fundi ujenzi mmoja na kijana aliyekuja na simu yake tayari kupiga picha. Akatafuta ukutani, akamtazama Filibert. Filibert akanitazama mimi.

"Bosi, ile baiskeli iko wapi?"

"Kwa mwenyewe."

Akacheka. "Mwenyewe si wewe?"

Tonge lilikuwa mkononi, la moto. Duka zima lilikuwa linangoja. Nikawaambia yote, toka toroli mpaka darajani. Kisha nikalimeza.